Tembo wa Tabora na Kasoro Zake



Kamati ya muungano wetu imenitaka nitoe makala ya historia, kwa kuwa baada ya kumaliza kidato cha nne mwaka 1974 nilikwenda ualimu na nimelifundisha somo hilo kwa miaka zaidi ya 30. Najua wenzangu wataandika juu ya mabweni, mpira, na uji wa asubuhi ambao kila mmoja wetu aliulaani na sasa kila mmoja anaukumbuka kwa mapenzi. Mimi naomba ruhusa niandike juu ya kitu kidogo kisichozidi upana wa kifuniko cha soda, nacho ni sarafu ya dhahabu iliyopigwa chapa mjini Tabora mwaka 1916. Nitaeleza kwa nini sarafu zilizokosewa hutafutwa kuliko zile zilizotoka sawasawa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa hapa kuliko matajiri wa Ulaya wanaozifungia sandukuni.

SARAFU HUKOSEWAJE?

Serikali nyingi hutoa sarafu za dhahabu kwa ajili ya kumbukumbu. Kenya ilitoa za shilingi 100, 250 na 500 mwaka 1966, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Tanzania nayo ilitoa ya shilingi 1500 mwaka 1974, upande mmoja ina sura ya Mwalimu Nyerere na upande wa pili mnyama duma, katika mpango wa kuhimiza hifadhi ya wanyama pori. Sarafu za namna hii hazikukusudiwa kununulia chumvi dukani. Hupigwa chache, hukaguliwa moja moja, na kwa sababu hiyo ikitokea moja ikapita na kasoro, huwa ni kitu adimu sana.

Ili tuelewane, kwanza tuone sarafu inavyotengenezwa. Madini huyeyushwa, hukunjuliwa kuwa bamba, na bamba hukatwa visahani vitupu visivyo na alama yoyote. Kila kisahani huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo, kisha mashine hukandamiza kwa nguvu nyingi. Picha iliyochongwa kinyume kwenye mihuri hutokea kwenye kisahani.

Basi kasoro huingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni kisahani: huenda ni chembamba mno, au kimekatwa vibaya, au ni cha madini mengine yasiyohusika. Mlango wa pili ni muhuri: ukipasuka, ufa wake hutokea kama uzi mwembamba kwenye kila sarafu inayofuata, ukichongwa mwingine badala yake, haufanani kamwe na ule wa kwanza. Mlango wa tatu ni pigo lenyewe: kisahani kikikaa upande, picha huenda kando, kikipigwa mara mbili, picha huwa na kivuli, nguvu ikipungua, picha hutoka hafifu.

Kuna na kasoro ambayo wakusanyaji wa sarafu huiita nyumbu, kwa maana ya yule mtoto wa punda na farasi. Hutokea pale mihuri miwili isiyo ya sarafu moja inapofungwa pamoja katika mashine. Uingereza ilikutwa na jambo hilo mwaka 2008 ilipobadili picha za sarafu zake. Tarehe ilihamishwa kutoka upande mmoja wa peni 20 kwenda upande wa pili, lakini muhuri wa uso wa zamani ukafungwa na muhuri mpya wa mgongo. Zikatoka peni 20 zisizokuwa na mwaka upande wowote. Hiyo haikuwa dhahabu, lakini watu walizisaka kana kwamba ni dhahabu.

NYOTA YA JENERALI GRANT

Kwa upande wa dhahabu ya kumbukumbu, mfano mzuri unatoka Marekani. Mwaka 1922 nchi hiyo iliadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Ulysses S. Grant, jenerali wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ambaye baadaye alikuwa Rais. Zikapigwa dola moja za dhahabu zipatazo 10,000 na nusu dola za fedha. Kamati ya maadhimisho iliomba nusu ya zile dola za dhahabu zitiwe nyota ndogo, ili ziwe aina mbili na wakusanyaji wanunue zote mbili. Nyota haikuwa na maana nyingine yoyote. Lakini kiwanda kikaitia nyota hiyo hata kwenye sehemu ya nusu dola za fedha, jambo ambalo halikuombwa.

Nusu dola zenye nyota zikawa chache, na bei yake ikapanda. Ndipo walaghai walipoanza kuchukua nusu dola za kawaida na kuzigonga nyota kwa mkono. Walikamatwa kwa hila ndogo: ukigonga nyota upande mmoja wa sarafu iliyokwisha kutengenezwa, upande wa pili hubonyea mahali hapo hapo. Sarafu ya kweli haina bonyeo hilo, kwa kuwa nyota yake ilizaliwa pamoja na picha yote kwa pigo moja.

Ndugu wasomaji, wekeni akiba kisa hicho. Kinatufundisha kwamba kasoro ikishakuwa na thamani, watatokea watu wa kuitengeneza kwa makusudi, na pia watatokea watu wa kuificha kwa makusudi. Nitarudi kwa hao wa pili.

TABORA, MWAKA 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilikuwa likitumia rupia. Kampuni ya Wajerumani ilianza kutoa rupia na pesa zake mwaka 1890. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikachukua kazi hiyo, na rupia moja ikagawanywa kuwa heller 100. Rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na mark 20 za Kijerumani, yaani karibu sawa na pauni moja ya Uingereza ya siku hizo. Sarafu zote hizo ziliagizwa kutoka Ujerumani kwa meli.

Waingereza walifunga bahari. Manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, iliangamizwa Julai 1915. Katika muda wote wa vita meli mbili tu zilipenya na kuleta shehena pwani. Sarafu mpya hazikuja. Watu walio nazo walizificha, kama watu wafanyavyo siku zote wakati wa vita, na askari, wapagazi na wakulima waliouza nafaka walitakiwa kulipwa kwa namna fulani. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ikaanza kuchapisha noti za muda, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Raia hawakuzipenda noti hizo, wala sidhani kama yupo kati yetu angezipenda.

Serikali hiyo ilikuwa imehamia bara, Tabora, mahali ambapo reli ya kati ilifika mwaka 1912. Hapo palikuwa na karakana za reli, mafundi na mashine. Ndipo ikaamuliwa sarafu zipigwe hapo hapo. Kwanza zilitoka za heller 5 na heller 20, za shaba nyekundu na shaba ya manjano. Kisha ikaja ya dhahabu, rupia 15, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke katika nchi ya Wanyiramba, ambako machimbo yalikuwa yamefunguliwa miaka michache kabla ya vita.

Haikuwa mara ya kwanza kwa dhahabu kupigwa chapa kwa jina la mtawala wa pande zetu. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alikuwa na sarafu zake za dhahabu katika karne ya 14, na vipande vitatu vinajulikana na wataalamu. Lakini tangu Kilwa mpaka Tabora ni kitambo cha miaka 600.

Sarafu ya Tabora ina tembo aliyenyanyua mkonga, na nyuma yake mlima. Chini yake pana mwaka 1916 na herufi T, maana yake Tabora. Upande wa pili kuna tai wa Kijerumani, jina la koloni, na thamani yake. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000. Kazi ilidumu miezi michache tu, kwani tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Tabora, na Wajerumani wakaendelea kurudi nyuma. Hakuna sarafu ya tembo yenye mwaka mwingine.

HERUFI MOJA YA TOFAUTI

Wale waliozoea sarafu za viwanda vya Berlin au London wakiishika hii ya Tabora huona mara moja kwamba haikutoka kwenye kiwanda cha sarafu. Nyingi hazilingani. Moja tembo ametoka vizuri mpaka macho, nyingine uso wake umefifia.

Tofauti iliyo mashuhuri zaidi iko upande wa tai. Sarafu ina nakshi, majani yanayojisokota, kulia na kushoto. Katika jina la koloni mna neno OSTAFRIKA. Kwenye baadhi ya sarafu, nakshi ya kulia inaishia chini ya herufi T ya neno hilo. Kwenye nyingine inaishia chini ya A ya kwanza, yaani herufi inayofuata. Basi! Tofauti yote ni upana wa herufi moja, na kila mnunuzi wa sarafu hizi duniani huuliza swali hilo kwanza: ni T au ni A?

Kusema kweli hilo si kosa kwa maana kamili ya neno. Ni dalili kwamba muhuri uliotumika haukuwa mmoja, na kwamba ulipochongwa wa pili, mkono wa mtu haukuweza kurudia ule wa kwanza sawasawa. Heller 20 zina tofauti nyingi zaidi: taji kubwa na taji dogo, na zile herufi L mbili za neno HELLER ambazo ncha zake mara zimechongoka, mara zimejikunja. Katika kiwanda kikubwa, muhuri wa asili ni mmoja, na mihuri ya kazi hunakiliwa kwake kwa mashine, hata kama ni elfu. Huko Tabora, kila muhuri ulioharibika ulidai fundi akae chini achonge tena.

Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba hizo T na A ni mwandiko. Mwalimu anayesahihisha madaftari 40 humjua mwanafunzi kwa mwandiko wake bila kuangalia jina juu ya jalada.

KASORO ISIYOONEKANA KWA JICHO

Iko kasoro nyingine, kubwa kuliko hizo zote, na haihitaji kioo cha kukuzia bali inahitaji hesabu ya darasa la saba. Chukueni kalamu.

Sarafu ya mark 20 ya Ujerumani ilikuwa na uzito wa gramu 7.965, na dhahabu ndani yake ilikuwa sehemu 900 kwa 1,000. Kwa hiyo dhahabu safi ilikuwa gramu 7.17 hivi. Sarafu ya tembo ilihesabiwa kuwa sawa na mark 20. Uzito wake ni gramu 7.168, nayo dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000. Zidisheni, mtapata dhahabu safi gramu 5.376.

Yaani uzito wote wa sarafu ya tembo, pamoja na madini ya kuchanganyia, unalingana na dhahabu safi tu ya ile ya mark 20. Aliyeipokea kama mark 20 alipokea robo tatu ya dhahabu aliyostahili, na robo iliyobaki alipewa picha ya tembo. Kwa sarafu 16,000, robo hiyo ni zaidi ya kilo 28 za dhahabu.

Sisemi kwamba serikali ya vita ilikuwa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Serikali zenye dhiki zimepunguza dhahabu na fedha katika sarafu zao tangu enzi za Warumi. Nasema tu kwamba katika kutazama nakshi na uso wa tembo tusisahau kuuliza swali la mtu wa sokoni: uzito gani, na dhahabu kiasi gani?

Na kuna swali la pili: nani alilipwa kwa kitu gani? Vita ile hapa kwetu iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi. Walibeba unga, risasi, vipande vya mizinga na wagonjwa, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na homa, katika majeshi ya pande zote. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wazee wa jeshi la von Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai, miaka 46 baada ya vita kwisha, na malipo hayo yakafanyika Mwanza. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Mpagazi hakuwa na cheti cha kuonyesha, wala hakuwa na saluti ya Kijerumani ya kumtambulisha.

SARAFU YA BIBI

Sasa nitaeleza kwa nini nimeyaandika haya katika gazeti la shule, badala ya kuyaacha katika vitabu vya wakusanyaji.

Kijijini kwetu, katika wilaya ya Uyui, alikuwako bibi mmoja jirani yetu, mjane, ambaye baba yake alifanya kazi ya reli enzi ya Mjerumani. Katika likizo ya mwaka 1972 nilikwenda kumsalimia nikiwa na daftari langu la historia, kwa sababu mwalimu wetu alitutaka tuwahoji wazee. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo historia yenu ina tembo?" Akaingia ndani, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na sarafu. Hakunipa mkononi mpaka nilipokaa chini. Baba yake alimwachia na kumwambia asiiuze ila kwa jambo la kufa na kupona.

Nilifanya kama mwalimu alivyotufundisha. Niliweka karatasi juu ya sarafu na kuipitisha penseli taratibu, upande mmoja kisha wa pili, picha ikatokea. Chini nikaandika jina la bibi, tarehe, na maneno aliyonieleza. Uso wa tembo haukutokea sawasawa, nikadhani ni penseli, lakini nilipoitazama sarafu yenyewe nikaona ndivyo ilivyopigwa.

Bibi alifariki mwaka 1991. Wajukuu walikuwa na deni la hospitali na gharama za msiba, na kwa hakika hilo lilikuwa ndilo jambo la kufa na kupona alilolisema marehemu mzee. Mnunuzi mmoja alikuja. Aliigeuza sarafu, akatikisa kichwa, akawaonyesha uso wa tembo uliofifia na nakshi isiyolingana pande mbili. Akawaambia kwamba ni kitu kilichokosewa, kwamba hata Wajerumani wenyewe wangeikataa, lakini kwa kuwahurumia atawapa chochote. Akawapa thamani ya mbuzi wawili. Nilipofika kwenye arobaini nilikuta sarafu imekwenda na fedha imekwisha.

Sarafu kama ile, ikiwa halisi na ikiwa katika hali nzuri, huuzwa katika minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Mnunuzi yule alijua. Mtu asiyejua hatazami mwisho wa nakshi. Alitumia kasoro ile ile inayoitambulisha sarafu kuwa ya Tabora ili kuwashawishi wenyewe kwamba haina thamani. Walaghai wa Marekani walitengeneza nyota kwenye sarafu isiyo nayo. Huyu aliifanya alama ya kweli ionekane kuwa doa. Mbinu ni mbili lakini chanzo ni kimoja: upande mmoja unajua, upande wa pili haujui.

Ile karatasi ya penseli ninayo mpaka leo. Nakshi ya kulia inaishia chini ya A. Wajukuu wa bibi, ambao sasa nao ni watu wazima, wamekuja kwangu mara mbili kuitazama, na nimewapa nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kisa hiki mali ilipotea, lakini habari ilibaki kwa sababu ya daftari la shule la kidato cha pili.

MAARIFA KWA VIJANA

Kwa wanafunzi mliopo, haya yafuatayo si ya historia peke yake, bali yanahusu na maabara ya fizikia.

Nakala za kuiga za sarafu ya tembo ni nyingi. Nyingine huuzwa waziwazi kama mapambo, na nyingine huuzwa kwa hila kama sarafu halisi. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Lakini kitu kimoja ni vigumu kukiiga, nacho ni uzito kwa ukubwa wake. Dhahabu yenye sehemu 750 kwa 1,000, ikichanganywa na shaba, ina gramu 15 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Shaba ya manjano ina gramu 8.5 hivi. Sarafu halisi ya gramu 7.168 ina ujazo wa karibu sentimita 0.48. Kipande cha shaba ya manjano chenye ukubwa ule ule kitakuwa na uzito wa gramu 4 tu.

Ukiining'iniza sarafu halisi kwa uzi mwembamba ndani ya maji, kwenye mizani nzuri ya maabara, itapunguza uzito wake kwa gramu 0.48 hivi. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes, ambayo kila mwaka mnaniuliza itawasaidia nini maishani. Jaribio hili halikwaruzi sarafu wala haliichubui, tofauti na tupa au tindikali ya sonara, ambayo huiharibu kabisa.

Msiisafishe. Msiisugue kwa mchanga, majivu wala dawa ya meno ili ing'ae. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na mistari midogo ambayo ndiyo ushahidi wa muhuri hufutika. Msiitoboe kuifanya kidani. Ipigeni picha pande zote mbili, ipimeni uzito, na andikeni ilikotoka: ilikuwa ya nani, aliipataje, na alisema nini juu yake. Maneno hayo ya mwisho hakuna mnada wowote unaoweza kuyarudisha yakishapotea.

OMBI LANGU

Vitabu vya sarafu vimeandika majina ya gavana na ya jenerali aliyeuteka mji. Vimeandika uzito mpaka sehemu ya elfu ya gramu. Lakini wachimbaji waliokwenda chini Sekenke, waliovukuta moto wa kuyeyushia, waliokata visahani, waliovuta mashine, hao majina yao hayamo. Wengi wao walikuwa watu wa nchi hii, na huenda wengine ni babu zetu wenyewe. Kitu pekee cha mikono yao kilichobaki kwenye sarafu ni kule kutolingana: tembo mwenye uso hafifu, nakshi iliyopita herufi moja. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa kwa haraka, katika karakana ya reli, na watu ambao hawakuwahi kabla yake kuona sarafu ikipigwa, vina haki ya kuwa na kasoro.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa wanafunzi wa zamani wenzangu: tutakapokutana kwenye mkutano wetu, kila mmoja alete habari moja ya kifaa cha zamani kilichoko nyumbani kwao, iwe ni sarafu, noti ya rupia, cheti cha kazi ya reli au barua. Usilete kifaa chenyewe, maana safari ina mengi. Leta picha na maelezo. Kwa wanafunzi mliopo: chama chenu cha historia kifungue daftari moja kubwa, lenye jalada gumu, la kuandikia habari hizo, na likae maktaba badala ya kukaa bwenini kwa mwenyekiti. Mimi nitatoa ukurasa wa kwanza, nakala ya karatasi yangu ya mwaka 1972, yenye jina la bibi, na chini yake mwandiko wangu wa kidato cha pili, ambao naomba radhi kwa walimu wangu walio hai kwamba haukuwa mzuri.

Nawatakia mkutano mwema.